Kibati Kisicho na Sikio

Nyumbani, 4 Februari

Mpwa wangu,

Mjomba wako ni mzima isipokuwa masikio, na hayo umeshayazoea. Ndiyo maana nakuandikia. Juzi uliponipigia simu nilikujibu habari za mvua, kumbe ulikuwa unaniuliza habari za Bibi yako. Binti yangu alinicheka mpaka akakaa chini. Tangu leo tuandikiane. Kwenye karatasi mimi si kiziwi.

Ile mashine ya kusakia metali niliyokuambia nimeipata. Nimeichukua kwa fundi mwenzangu aliyechoka nayo. Ina fimbo ndefu, sahani ya mviringo chini, na spika za kuvaa masikioni. Nikiipandisha sauti hadi mwisho naisikia vizuri kuliko ninavyomsikia mtu yeyote nyumbani humu, na tena hainiombi kitu. Majirani wanaiita fagio. Nikipita nayo wananiambia nikimaliza huko nikafagie na uani kwao. Wacheke. Fagio limeshanipa sarafu tatu za zamani kwenye njia ya mtoni, moja ina tundu katikati, imelika ukingoni kama mkate ulioonjwa na panya.

Sasa sikiliza, na Bibi yako asijue. Wiki iliyopita nilikwenda machimboni, pale lilipokuwa lango. Unajua mwenyewe hataki mtu wa nyumba hii akanyage pale. Tangu shimo lilipoporomoka na baba yangu asionekane, wenye machimbo wakasema hakukuwa na mtu chini, na wote wasioonekana wametoroka kazi, Mama hapiti njia ile. Anazunguka kwa nyuma, hata akiwa na mzigo kichwani. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Dada, marehemu mama yako, alikuwa anatembea tayari na alisema anaikumbuka harufu ya shati lake. Mimi nimebakiwa na jina lake la utani tu, lile wanalotutukania: Sitasita. Hata siku hiyo mchunga mbuzi mmoja alinikuta nimeinama, akasema kwa sauti ya kutosha hata mimi nisikie, "Mtoto wa Sitasita anatafuta njia aliyokimbilia baba yake." Nilijifanya sikusikia. Ukiziwi una faida zake.

Chini ya sakafu ya kibanda cha lango, au kilichobaki cha sakafu hiyo, mashine ililia mpaka nikazitoa spika masikioni. Nikachimba kwa mwiko wa kujengea. Nikatoa bonge la ukubwa wa ngumi mbili, kijani kama ukungu, vitu vya mviringo vimegandamana kwa kutu. Sarafu, Mpwa! Mtu alizificha pale akakusudia kurudi. Wewe ulisomea mambo ya vitu vya kale kabla hujafungiwa ofisini. Niambie nizisafisheje. Nilikuwa nimeshaweka sufuria jikoni na ndimu nimeshakata, nikakukumbuka ulivyonifokea zamani kwa ile sarafu niliyoing'arisha.

Mama anakohoa, lakini anagomba pia, kwa hiyo tusiogope.

Mjomba wako,
Fundi Kiziwi


Mjini, 13 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nakuomba uzime jiko kabla hujaendelea kusoma.

Usitumie ndimu, siki, mchanga, majivu wala brashi ya waya. Ile kutu ya kijani si uchafu wote. Sehemu yake ya chini, iliyo ngumu na yenye uso laini, ndiyo ngozi ya kitu chenyewe, na maandishi yamekaa kwenye ngozi hiyo. Ukiichubua yanaondoka nayo, na hakuna fundi anayeweza kuyarudisha. Wateja wa sokoni wanapenda sarafu inayong'aa. Mwalimu wetu alikuwa anasema sarafu inayong'aa ni kama mtu aliyenyolewa nyusi: safi, lakini humtambui.

Loweka kwenye maji ya betri, kwa sababu ya bomba yana chumvi. Yabadilishe kila yanapogeuka rangi. Zikianza kuachana, ziache ziachane zenyewe, usizipenyezee kisu. Kilicholainika kitoe kwa mwiba au kijiti cha kuchokolea meno, pamoja na tone la mafuta mepesi. Ni kazi ya wiki nyingi na haina sifa.

Hapa kazini naendelea vizuri. Bado niko kwenye majaribio. Mkuu wa Idara ni mtu mpole, anazungumza polepole, na hilo ndilo linalonitisha, kwa kuwa sijui akikasirika anakuwaje. Husema karani mzuri haonekani, huonekana kazi yake. Nimejitahidi sana nisionekane. Chumba chetu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo jingine, na meza yangu ni ile iliyo mlangoni, kwa hiyo kila anayeingia huanza na mgongo wangu.

Msalimie Bibi, umwambie ile dawa ya kifua aimalize yote, asiache nusu kwa kuwa amepata nafuu.

Nina swali dogo lisilo na haraka. Kule machimboni, uliwahi kusikia kama kuna mtu amezikwa? Nauliza tu.

Mpwa wako,
Karani


Nyumbani, 24 Februari

Mpwa,

Marahaba, lakini umeniponza.

Nilifuata ulivyoandika. Namshukuru Mungu sikutumbukiza bonge zima. Nilianza na kimoja kilichokuwa kimelegea juu. Nikaenda karakana, nikaomba maji ya betri. Mimi nimetengeneza magari tangu mama yako hajaolewa, na maji ya betri kwangu ni yale yanayotoboa suruali. Nikatia, kikachemka bila moto. Nikasema kumbe elimu ni kitu kizuri, nikakifunika, nikaenda zangu. Nilipokifunua kimegeuka rangi ya fizi, chepesi kama ganda. Kwa juu kilikuwa na kisikio chenye tundu la kupitishia uzi. Nilipokishika kwa koleo sikio likavunjika kama biskuti, na vipande vikaliwa humohumo. Binti yangu akaisoma barua yako upya, akasema ulimaanisha yale ya kuongezea, yasiyo na kitu. Ungesema yasiyo na kitu, Mpwa. Kalamu yako imekaa sana ofisini, imesahau kuna watu wanashika vitu kwa mikono.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba sarafu haina sikio.

Nilipokikausha nikaona kimepigwa namba kwa nyundo: 9 na 9. Hakuna kingine, si kichwa cha mfalme wala mwaka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sijui nilikaa kwa muda gani. Ni vibati, Mpwa. Vibati vya wachimbaji. Nimesikia habari zake tangu utoto: kila mchimbaji alivaa chake shingoni, akifika langoni anakivua anakitundika kwenye msumari wake ubaoni, ndipo anashuka. Akipanda, anakitwaa. Kibati kikibaki msumarini, mwenyewe yuko chini. Mtoto mdogo angeweza kuwahesabu.

Na ubao siku ile ulikuwa mtupu. Ndivyo tulivyoambiwa, ndiyo maana hawakufukua. Sasa niambie, vibati lundo zima vilishukaje chini ya sakafu?

Bonge nimelifunga kwa kitambaa. Mama sijamwambia.

Na wewe unijibu. Makaburi yametoka wapi? Tangu ulipokuwa mdogo, ukisema "nauliza tu" kuna sahani imevunjika.

Mjomba wako


Mjini, 5 Machi

Shikamoo Mjomba,

Naomba radhi kwa maji ya betri. Nilichagua neno nikaona ni jepesi, nikajipongeza kwamba nimeandika kwa lugha ya fundi. Sikujiuliza fundi ataelewa nini. Yanayotakiwa ni yale yasiyo na kitu, kama ulivyosema, na duka la dawa huwa nayo ukiwaomba maji ya kuchanganyia dawa. Sikio halitarudi. Nitakaa na jambo hilo.

Sahani imevunjika, kweli.

Kuna watu wameomba kuyajaza machimbo ya zamani na kujenga maghala juu yake. Watamimina kokoto, halafu zege. Maombi yao yako mezani kwangu. Ramani imekamilika, mihuri yote ipo, limebaki neno moja la kuandikwa na karani anayeshughulikia, yaani mimi: "Hakuna maziko wala mabaki ya watu katika eneo hili." Mkuu analitaka kabla mwezi haujaisha. Sentensi hiyo nimeshaiandika kwa maeneo mengine mengi; mkono unaijua hata nikiwaza chakula. Ramani haitaji jina tunalopaita sisi, inataja namba ya kiwanja. Nilipoona mto unavyopinda ndipo nikajua ni wapi.

Ilikuwa mezani kabla ya barua yako ya kwanza. Sikukuambia. Niliogopa utamwambia Bibi, na niliogopa zaidi kwamba nikishakuambia nitalazimika kufanya jambo. Nilitumaini utanijibu hakuna aliyezikwa, niandike nimalize.

Nitumie kile kibati nikitazame. Vingine uviloweke kwenye maji yasiyo na kitu. Na umuulize Bibi, kwa njia ya mbali, namba ya Babu ilikuwa ipi. Lakini nakusihi usimwambie tumepata nini. Kama tutampa tumaini kisha tulichukue, atakuwa ameachwa mara mbili.

Mpwa wako


Nyumbani, 14 Machi

Mpwa wangu,

Kibati ndicho hicho, nimekifunga kwa pamba na kitambaa. Mchukuzi wa vifurushi aliniuliza ni nini, nikamwambia jino la mzee.

Maji yako ya pili yamekubali. Vinaachana kimoja kimoja, kama watoto wanaoamshwa, huyu anatoka yule anamng'ang'ania. Natumia miiba ya mlimau, ni migumu na haikwaruzi. Vilivyoachana vyote vina sikio, kwa hiyo juu yake najua na chini najua. Nimesoma 12, 31, 40, na 7 peke yake. Vipo ambavyo kutu imekula kabisa, vinabaki uso usio na jina. Binti yangu alitaka kunisaidia, akalia, nikamrudisha ndani.

Mama nilimzungukia. Nilimwambia fundi mmoja ananibishia kwamba wachimbaji wa zamani walikuwa na namba. Akanitazama kama anavyonitazama nikisema nimeshakula. Akasema, "Namba sikuijua. Mimi sisomi. Kibati kilikuwa chini ya shati lake, na shati nililifua mimi."

Nikadhani amemaliza. Akaanza kunieleza asubuhi ile, jambo ambalo hajawahi kunieleza. Wanawake walikwenda langoni na watoto mgongoni, na mimi nikiwemo. Alitoka karani wa machimbo na ubao, akauegemeza ukutani wauone wote. Akawaambia, "Hesabuni wenyewe. Misumari ni mitupu. Waume zenu wametoka kwa miguu yao." Alikuwa kijana mdogo, kola safi, kalamu mfukoni. Mama anasema wenzake walitazama ubao, yeye alitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka, na kucha zimejaa udongo. Alidhani ni homa, akamwonea huruma.

Tangu hapo ni mke wa mtoro. Hakuachwa, hakufiwa, hakuolewa tena. Kwenye misiba ya watu alikaa jikoni na wapishi, kwa sababu wajane walikaa upande wao na wake za watu upande wao, na yeye hakujua ni upande upi.

Sikuandikii haya kukusuta. Au labda nakusuta. Soma upendavyo.

Mjomba wako


Mjini, 23 Machi

Shikamoo Mjomba,

Naandika upesi, mkono si mzuri, utanisamehe.

Kibati kilifika. Kimefanywa chembamba na ile asidi, lakini namba zimesimama. Leo, wenzangu walipokwenda kula, nilikiweka mezani juu ya karatasi nyeupe nikitazame kwa kioo cha kukuzia. 9 na 9, kama ulivyosema. Nilikuwa nakiandikia maelezo alipoingia Mama wa Chai. Yeye huweka sinia upande wa pili wa meza, mbali na mkono wangu, kunilipizia utani, kwa kuwa namwita shangazi na yeye hataki kuwa shangazi wa mtu mwoga. Akainama. Akasema, "Karani, hii sita sita ya nini?"

Nilimwambia ni tisa tisa. Akaniambia nizunguke upande wake wa meza nitazame vizuri. Kisha akalisema tena, harakaharaka, kama mtu anavyosema akiwa na kazi nyingine: sita sita.

Mjomba, lisome kwa sauti, hata kama hulisikii. Sita. Sita.

Sisi tulilichukua jina lake kama tabia yake. Anayesitasita. Mtu wa miguu mizito mbele na myepesi nyuma. Wewe walikuita mtoto wake, mimi shuleni walinitungia wimbo, na kila nilipoogopa, nami naogopa mara nyingi, nilijiambia ndiyo damu, nimeirithi, nitaifanyia nini. Sikuwahi kumwuliza mtu jina lilianzaje. Nilidhani najua, kwa kuwa nilijiona mwenyewe.

Lakini sina uhakika. Kibati ni duara. Bila sikio hakina juu wala chini. Kinaweza kuwa sitini na sita, kinaweza kuwa tisini na tisa, mtu mwingine kabisa, na aliyekinyang'anya sikio ni mimi kwa maneno yangu matatu. Hata jina, huenda mimi na Mama wa Chai tumelibuni leo juu ya chai. Natamani liwe kweli, na ndiyo sababu siliamini. Tafuta mzee yeyote aliyefanya kazi pale, umuulize habari za jina na habari za tisini na tisa, lakini usimwongoze jibu.

Mkuu anataka jalada siku hizi mbili tatu. Nilikuwa nasubiri tujue kwanza. Leo nimeona kwamba nikisubiri nijue kama Babu yumo, nitakuwa nimesema wale wengine, 12 na 31 na 40 na 7, hawatoshi. Nimemwandikia Mkuu maelezo. Nimeyaacha kwenye trei yake nikaondoka kabla hajarudi, kwa hiyo usinifikirie shujaa.

Mpwa wako


Ofisi ya Mkuu wa Idara, 26 Machi

Kwa Karani wa Viwanja,

Nimesoma maelezo yako kuhusu eneo la machimbo ya zamani. Nimeyasoma kwa utulivu, na nakushauri nawe uyasome hivyo.

Vibati vya shaba si mifupa. Vilipatikana na mtu binafsi, ambaye naelewa ni ndugu yako, katika eneo asilokuwa na ruhusa ya kuchimba. Taarifa za wakati huo zinasema hakuna aliyekuwa chini. Si kazi ya idara hii kufukua huzuni za watu.

Wewe ni kijana mwangalifu, na uangalifu huo ndio uliokuleta hapa. Nakurudishia jalada. Andika neno linalotakiwa, kisha maelezo yako nitayachukulia kama rasimu ambayo haikuwahi kufika. Muda wako wa majaribio unakaribia kwisha, na ningependa uishe vizuri.

Mkuu wa Idara


Chumba cha Makarani, 27 Machi

Kwa Mkuu wa Idara,

Mheshimiwa,

Nakushukuru kwa kunirudishia jalada na kwa upole wa barua yako.

Ni kweli vibati si mifupa. Ni kweli pia mwenye kukitundika alishuka, na aliyepanda alikitwaa. Hivi havikutwaliwa na wenyewe. Vilitolewa ubaoni na mtu mwingine, vikafukiwa chini ya sakafu ya kibanda alichokuwa anakisimamia. Sijui ni wangapi na sijui wako wapi. Neno ninalotakiwa kuandika linasema najua kwamba hawapo.

Mjomba wangu alichimba bila ruhusa, na nimeandika hivyo katika maelezo. Kimojawapo cha vibati kinaweza kuwa cha babu yangu, na kinaweza kisiwe. Nimeliandika hilo pia, ili pasiwe na mtu wa kuligundua baadaye na kusema nilificha. Kama kanuni inanitaka nijitoe kwa sababu ya undugu, naomba jalada lipewe karani mwingine pamoja na vibati na maelezo yangu yote. Nakala nimeipeleka idara ya mambo ya kale, kwa kuwa kanuni zetu zinataka hivyo kinapopatikana kitu cha kale ardhini. Niliitafuta kanuni hiyo nikitumaini haipo.

Nimejaribu kuliandika lile neno leo asubuhi. Nilifika kwenye "Hakuna". Naogopa kukuudhi, Mheshimiwa, na naogopa kurudi kwetu bila kazi. Naomba niruhusiwe kuandika ninachokijua tu.

Wako mtiifu,
Karani wa Viwanja


Nyumbani, 8 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ya mistari mitatu imefika. Umeambiwa ukae nyumbani mpaka uitwe, na hujui utaitwa kwa lipi. Njoo ukae huku. Chumba chako kina betri na matairi, lakini nitayatoa.

Wamekuja. Si wenye maghala. Watu wa mambo ya kale, wawili, na mama mmoja wa makamo ambaye ndiye mkubwa wao. Wamezungushia kamba mdomo wa shimo lote. Tingatinga lililokuwa limeshaletwa limesimama pembeni, dereva wake analala chini yake. Yule mama aliniuliza nani alinifundisha kutumia miiba. Nikamwambia mpwa wangu, baada ya kuniunguza. Akaandika kitu, akanipa na onyo la kuchimba bila ruhusa, nikalipokea kwa mikono miwili. Wataingia shimoni mvua zikikatika. Wamevichukua vibati vyote isipokuwa chako, ambacho nimewaambia kiko njiani, kwa hiyo kilete.

Sasa habari ya mzee. Nilimpata aliyekuwa mwendesha pampu pale juu, haoni tena lakini anaongea kwa sauti ya mashine, tumesikilizana vizuri sana. Sikumwongoza. Nilimuuliza tu tisini na tisa alikuwa nani. Akacheka. Akasema kuanzia themanini walikuwa watu wa juu, wa pampu, wa jiko na wa stoo. Hao hawakushuka na hawakuwa na msumari ubaoni. Kibati cha tisini na kitu kisingeweza kutoka langoni, labda kitembee. Nikamuuliza, basi Sitasita alikuwa nani. Akasema, "Sita, sita. Ndivyo mnyapara alivyomwita kila asubuhi akisoma namba, na sisi tukaunganisha. Na nyinyi mlidhani nini?"

Nilimshukuru, nikarudi nyumbani.

Mama nilimwambia jana. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Niliyoyasema ni machache, na sijui niliyasema kwa sauti gani, maana sijisikii. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mpwa wangu hana hakika ya kitu chochote duniani, na hata yeye sasa hawezi kubisha. Akaomba shuka. Nilidhani anataka kulala. Akajitanda, akatoka, na mimi nyuma yake na fimbo yake. Alipita njia iliyonyooka, ile ya langoni. Alisimama kwenye kamba mpaka miguu ikachoka. Tuliporudi ndipo yakatokea aliyotaka kukuandikia mwenyewe. Binti yangu ameandika kama alivyosema, hakuongeza.

Mjomba wako


Nyumbani, 8 Aprili

Mjukuu wangu,

Mjomba wako ameniambia uliogopa na ukaandika hivyohivyo. Amelisema kama habari ngeni. Babu yako aliogopa kila siku. Asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, alikaa kitandani na mikono magotini, na mimi nilijua nisimsemeshe. Kisha alivaa akaenda. Watu wakaniambia alikimbia, nikakumbuka vile alivyokuwa anakaa, nikawaamini. Hilo ndilo linaloniuma leo. Si wao waliosema. Ni mimi niliyekubali.

Jana nilipotoka kule nilifunga mlango, halafu nikaufungua. Nikalia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumlilia kwa sauti, maana mtu haliliwi akiwa ametoroka, anangojwa. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyojua ninayo, hata mjomba wako aliisikia. Majirani wakaja mbio, wengine na kanga begani, wakauliza nani amekufa.

Nikawaambia, mume wangu.

Wakatazamana, maana wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Kisha wakavua viatu, wakaingia, wakakaa.

Bibi yako,
Mjane